Msahihishaji wa Dada Sulo

Jumapili asubuhi nyumbani kwa akina Jhili, mjini Titlagarh, watu waliishi kwa amri. Redio ilizimwa. Cherehani ya Mama ilifunikwa kitambaa. Baba, ambaye ni dereva wa trekta kwenye kinu cha mpunga, alichukua kikombe chake cha chai akaenda kunywea nje, kwa sababu Baba hawezi kunywa chai bila kuifyonza kwa sauti. Wote walikuwa wakimpisha mtu mmoja tu: Dada Sulo, aliyeketi kwenye mkeka sebuleni na karatasi za mtihani mbele yake, feni ikizunguka juu ya kichwa chake pale umeme ulipopenda.

Aliyetoa amri hizo alikuwa Jhili, msichana wa miaka kumi na miwili, mdomo wake ukiwa mkubwa kuliko umri.

"Muda umeanza!" alitangaza, akaiweka saa ya mezani juu ya kabati. "Hakuna kuongea, hakuna kuchungulia dirishani, hakuna kunywa maji."

"Hata maji, mheshimiwa msimamizi? Na joto hili?"

"Haya, maji ruhusa. Lakini ukiniita mheshimiwa unapoteza muda wako mwenyewe."

Sulo akacheka, kisha akainama na kuanza kazi. Alikuwa na stashahada ya ujenzi kutoka chuo cha ufundi, na serikali ya jimbo ilikuwa ikiajiri wahandisi wa daraja la chini, wale wanaosimamia barabara, makalavati na matangi ya maji. Nafasi zilikuwa chache na waombaji kibao. Sulo alikwishajaribu mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa vibaya. Mara ya pili alikosa kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomuuma zaidi. Sasa Baba alikuwa amesema neno lake, kwa upole lakini bila kuyumba: "Mwanangu, jaribu tena. Hii ikikataa, utakwenda Raipur kwa mjomba wako. Anahitaji mtu wa kumsaidia dukani." Mjomba alikuwa na duka la vigae na masinki. Si kazi mbaya. Ila Sulo hakusoma miaka yote ile ili auze masinki, na kila mtu pale nyumbani alilijua hilo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa maswali ya kuchagua. Jibu sahihi lilikupa alama moja, na jibu la kosa lilikukata robo alama. Swali ukiliacha wazi, hupati wala hukatwi. Kila Jumapili Sulo alifanya mtihani mmoja wa majaribio kutoka kwenye kitabu chenye majibu mwishoni, naye Jhili alisahihisha. Mpango huo aliubuni Sulo mwenyewe.

"Nikijisahihisha najionea huruma," alimweleza mdogo wake. "Nikikosa nasema, aa, hili nalijua, kalamu tu imeteleza. Halafu najipa alama. Wewe huna huruma. Ukinyimwa embe leo, unanuna mpaka wiki ijayo. Msahihishaji ninayemtaka ni wa namna hiyo."

Jhili alivimba kichwa. Shuleni hakuna rafiki yake hata mmoja aliyekuwa na kazi kubwa kama ile.

Jumapili ya kwanza mambo hayakwenda vizuri. Sulo alikuwa ndiyo kwanza anaweka kalamu chini wakati Bi Kanchan, jirani, alipoingia kuchukua blauzi aliyoshonewa na Mama. Bi Kanchan alisimama mlangoni, akamtazama Sulo pale chini, akatikisa kichwa.

"Jamani, bado tu? Mwaka juzi nilimkuta mtoto huyu kwenye mkeka huu huu. Mwaka jana, huu huu. Mimi naona cheti apewe mkeka."

"Kanchan, blauzi yako hii hapa," Mama alisema. "Ijaribu, usije ukasema inabana."

Sulo alitabasamu kwa adabu. Lakini Jhili alipomaliza kusahihisha na kumtajia alama, chini ya nusu, tabasamu lile halikuwa na pa kushika. Sulo alisema "sawa," akatoka kwenda uani. Jhili alimfuata taratibu, akamkuta amechuchumaa karibu na bomba, maji yakimwagika kwenye ndoo iliyokwishajaa, naye amejifunika uso kwa viganja. Mchana huo alikataa kula. Bakuli lake la pakhala, wali ule uliolowekwa kwenye maji ya baridi ambao kwa joto la Titlagarh hakuna mtu anayeukataa, lilibaki mezani na viazi vyake vya kuponda na pilipili yake ya kukaanga. Jhili alitamani kumng'ata Bi Kanchan.

Jumapili iliyofuata, Jhili alikaa na kitabu mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Majibu sahihi yalikuwa yameongezeka kidogo. Lakini makosa yalikuwa mengi, na alipoanza kukata zile robo robo, alama zikaporomoka kabisa. Alimtazama dada yake. Sulo alikuwa amekaa kimya akikwangua kucha zake, kama mtu anayesubiri sindano.

Basi Jhili hakukata robo.

"Sijaongeza kitu," alijiambia moyoni. "Nimeacha tu kupunguza."

Aliposoma alama, Sulo aliruka pale alipokaa. "Ala! Kweli? Hebu rudia!" Jhili akarudia. Sulo akamkumbatia mpaka mbavu zikalia, na jioni akampeleka pale kona kula gupchup, vile vibofu vya unga vilivyojazwa viazi na maji ya ukwaju. Jhili alikula hadi machozi ya pilipili yakamtoka. Yalikuwa matamu sana.

Kasheshe ni kwamba uwongo ule haukukubali kukaa peke yake. Jumapili iliyofuata, kama alama zingeshuka, Sulo angeuliza kwa nini. Kwa hiyo Jhili akaacha tena kukata robo, halafu, ili zipande japo kidogo, akageuza makosa mawili matatu kuwa vema. Wiki nyingine akageuza zaidi. Hakuyachagua ovyo. Alichagua yale ambayo Sulo aliyakosea kwa namna ile ile kila mara: maswali ya mabomba na mifereji, ambapo kipenyo kimetajwa kwa milimita na jibu linatakiwa kwa mita. Sulo, kwa haraka zake, alisahau kugeuza. Kitabu kilieleza nyuma, "Kumbuka kugeuza vipimo," na Jhili aliyasoma maneno hayo kila Jumapili. Aliona kwamba ni kosa dogo, kosa la kijinga tu, na kwamba dada yake hastahili kulizwa na kitu kidogo hivyo. Akaweka vema.

Nyumba nzima ikachangamka. Sulo alianza kuimba akiosha vyombo. Baba alianza kusema "mhandisi wangu" mbele ya wenzake kinuni. Hata Mama alimwongezea Sulo kijiko cha samli kwenye wali, na Mama si mtu wa kumwaga samli. Jhili peke yake ndiye aliyeanza kuogopa Jumapili.

Siku moja jioni, jua lilipopoa, Rukmani alikuja. Rukmani alikuwa rafiki wa Sulo tangu chuoni, naye alikuwa akijiandaa kwa mtihani huo huo. Waliketi barazani wakimenya karanga, Jhili akiwa karibu yao na hesabu zake za shule.

"Nimechoka, shoga," Rukmani alisema. "Alama zangu zimekwama pale pale. Na nayaacha wazi maswali nisiyoyajua, kama walimu walivyotuambia."

"Ndiyo kosa lako hilo. Usiache hata swali moja," Sulo alisema. "Bahatisha! Mimi nabahatisha yote na alama zinapanda tu."

"We! Na robo?"

"Robo kitu gani? Muulize Jhili, yeye ndiye anayesahihisha. Tena mimi mabomba na mifereji nimeshaifunga, siisomi tena. Wiki zilizobaki nasoma maswali ya historia na habari za jimbo tu."

Rukmani alimgeukia Jhili. "Kweli, mdogo wangu? Dada yako anabahatisha na anafaulu?"

Jhili alihisi masikio yanamwaka. "Mh," alisema, jambo ambalo si ndiyo wala si hapana.

"Haya bwana," Rukmani akasema. "Basi na mimi nitabahatisha."

Hapo ndipo Jhili alipoona ukubwa wa alichokifanya. Alikuwa ameufikiria uwongo wake kama zawadi ndogo ya dada yake, itakayobaki humo ndani. Kumbe ulikuwa unamfundisha dada yake njia mbaya, na sasa dada yake anamfundisha mwingine. Siku ya mtihani wa kweli hakutakuwa na Jhili wa kumhurumia mtu. Itakuwa mashine, na mashine itakata kila robo yake.

Usiku ule Jhili hakugusa chakula chake. Mama alimtazama mara moja tu, akamwita jikoni.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Umepigana shuleni?"

"Hapana." Kisha machozi yakamtangulia, na maneno yakafuata yenyewe: robo, vema za uongo, mabomba, Rukmani. Mama alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika upawa mkononi. Jhili alingoja kofi. Halikuja.

"Umeniambia mimi," Mama alisema. "Lakini mimi sifanyi mtihani."

"Mwambie wewe, Mama. Tafadhali. Atanichukia."

"Huenda akakukasirikia, tena sana. Ana haki. Lakini kila siku unayongoja ni siku unayomnyang'anya. Nenda."

Jhili alimkuta Sulo akijisomea chini ya taa. Alisimama mbele yake akiwa amekishika kile kitabu kwa mikono miwili.

"Dada, alama zako si za kweli."

Sulo alicheka. "Nani kasema? Bi Kanchan?"

"Mimi. Nimekuwa nikikuongezea. Sikati robo. Na mabomba yote umekosa, Dada, karibu yote. Husomi kwamba ni milimita. Mimi nikaweka vema."

Kicheko kilikatika. Sulo alimwangalia kama haelewi tena Kioria, lugha yao ya nyumbani. Akakichukua kitabu, akafungua kurasa za nyuma, akaanza kulinganisha. Alipiga mstari hapa, akapiga mstari pale. Mwishowe Sulo aliandika jumla ya kweli pembeni. Ilikuwa chini ya ile iliyomfelisha mwaka uliopita.

"Kwa nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulilia pale bombani. Hukula."

"Basi ningelia!" Sulo alipaza sauti, mpaka Baba akachungulia kutoka chumbani. "Machozi yangu yalikukosea nini? Ningelia, ningenawa uso, ningerudi kusoma! Sasa ungeniacha niingie kwenye chumba cha mtihani nikichekacheka, nifeli kwa mkono wako, Jhili, na nisijue hata nimefeli kwa nini!"

Jhili alikwenda kitandani. Alilala akiwa amegeukia ukuta.

Asubuhi, kabla hata ya chai, Sulo alitembea mpaka kwa Rukmani kumweleza ukweli, na aibu yake yote akaibeba mwenyewe. Tangu siku hiyo alikwenda na kitabu chake kwa Rukmani kila Jumapili. Nyumbani redio ilirudi kuimba na Baba akafyonza chai yake sebuleni, na Jhili akaona hakuna kelele mbaya kama zile. Sulo hakumtukana wala kumgombeza tena. Alimsemesha yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, funga mlango, umeme umekatika. Hilo ndilo lililomchoma Jhili kuliko kugombezwa.

Jhili hakunung'unika. Aliamka mapema akamchotea dada yake maji kabla foleni ya bombani haijawa ndefu. Alimpepea umeme ulipokatika, bila kusema neno, na Sulo aliacha apepewe, bila kusema neno vilevile.

Asubuhi moja Sulo alikuwa kwenye mkeka akikokotoa swali la bomba, midomo ikimchezacheza. Jhili alikuwa nyuma yake na pepeo lake la majani ya mnazi. Macho yake yakaangukia karatasi. Alijua angenyamaza tu ingekuwa amani.

"Dada, milimita."

Mkono wa Sulo ulisimama. Akarudi juu kwenye swali, akasoma. Akavuta pumzi, akakata hesabu yote kwa mstari mmoja mrefu na kuanza upya. Alipomaliza hakugeuka.

"Rukmani anasahihisha huku anapiga soga," alisema. "Juzi karuka ukurasa mzima."

Jhili aliweka pepeo chini.

"Leta saa," Sulo akasema. "Na nikisikia umenionea huruma hata kwa alama moja, nakupeleka Raipur wewe ukauze masinki."

"Sikuonei huruma, Dada! Naapa! Nitakukata mpaka uombe poo!"

Na kweli alimkata. Wiki zile za mwisho Jhili alikuwa mkali kama kisu kipya. Sulo alilia mara moja tena, akanawa uso, akala pakhala yake yote, akarudi mkekani. Kwenye kila swali la vipimo alijiwekea duara kuzunguka neno milimita kabla hajagusa hesabu. Alijizoeza pia kitu kilichomshinda tangu zamani, nacho ni kuliacha swali asilolijua na kusonga mbele. "Inauma," alisema, "kama kuacha nyama kwenye sahani ya mtu." Alama zilipanda polepole, kwa kujikongoja, lakini zilikuwa zake.

Siku ya mtihani Mama alimlisha mtindi na sukari kwa kijiko ili apate bahati, kama mama wote wafanyavyo pale. Sulo alivua bangili na hereni zake akamkabidhi Jhili, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani haviruhusiwi, akapanda treni na Rukmani. Jioni alirudi mchovu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Vipi?" wote waliuliza kwa pamoja.

"Nimeacha wazi mengi," alisema, na hakuna aliyejua kama acheke au asikitike.

Baada ya muda serikali ilitoa majibu rasmi, na Sulo akayafungua kwenye simu ya Baba. Watahiniwa walikuwa wameruhusiwa kutoka na karatasi ya maswali, naye alikuwa ametia alama kwenye kila jibu alilochagua. Walikaa sebuleni wote wanne. Jhili akashika kalamu. Alisahihisha kimya kimya, vema, kosa, vema, wazi, mpaka akafika kwenye swali moja ambalo alama yake ilikuwa imefutika kwa jasho.

"Hili ulichagua B au C?"

Sulo alifumba macho. "B. Nadhani ni B."

Jibu sahihi lilikuwa B. Jhili alimtazama dada yake, akamtazama Baba ambaye kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani. Kisha akaweka alama ya kosa na kukata robo.

"We Jhili! Nimekwambia nadhani ni B!"

"Nadhani haina alama, Dada."

Dada yake aliikodolea macho ile robo. Halafu Sulo akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, mpaka Baba akamwaga chai. Jhili akajumlisha, akarudia kujumlisha. Ilikuwa juu ya kiwango cha kufaulu cha mwaka uliopita, kwa kidogo tu. Sulo aliishika ile karatasi na hakuuliza kama ni ya kweli. Hakuwa na haja.

Matokeo yalipotoka, mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka na mji ukinuka udongo mbichi. Namba ya Sulo ilikuwemo, karibu na mwisho wa waliochaguliwa, lakini ilikuwemo. Ya Rukmani pia, hatua chache juu yake, jambo lililomfanya Rukmani aringe siku nzima. Baba alimpigia Mjomba wa Raipur kumwambia atafute mtu mwingine wa masinki, kisha akaketi barazani akawa analia bila kujificha.

Ndani, Jhili alikuwa ameketi kando ya cherehani ya Mama, furaha na aibu vikigombea nafasi moja.

"Mama, nilimdanganya kwa sababu nilimpenda," alisema. "Kwa nini basi ilikuwa mbaya vile?"

Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kwa sababu hiyo hiyo. Kanchan angemwambia dada yako kwamba anajua kila kitu, asingeamini, angekwenda kuchunguza. Wewe alikuamini. Alichukua ulichompa bila kukitazama, kwa kuwa kimetoka kwako. Mtu akikuamini hivyo, Jhili, ukweli wako ndio macho yake. Usimfumbe macho halafu uite upendo."

Kutoka nje Sulo alimwita, "Msimamizi! Njoo ule laddu hizi tamu kabla Rukmani hajazimaliza!" Jhili akafuta uso kwa kiganja, akatoka kwenda kwa dada yake.